Je, wajua kwanini bomba la fremu ya chuma ni jembamba katikati na nene mwishoni?

Kuna kamchezo kadogo hivi. Ukikutana na baiskeli ya mlimani ya chuma, zile nzuri za kutengenezewa kwa oda, ligonge bomba la juu kwa kucha, anzia karibu na siti kisha sogea mbele taratibu. Mwanzoni linalia tup, tup, sauti imeshiba, halafu ukifika kama katikati linaanza kulia ting kama glasi, ukikaribia usukani linarudi tup. Kwa nje ni bomba lilelile, hata ukipima upana haujabadilika. Kilichobadilika kiko ndani.

Ukuta wa bomba la namna hii unaweza kuwa 0.8 mm kwenye ncha mbili na 0.5 mm katikati. Shika kadi ya benki, ile ina kama 0.76 mm, kwahiyo katikati ya fremu inayobeba mtu mzima akishuka kwenye mawe kuna chuma chembamba kuliko kadi. Sababu yenyewe ni rahisi tu, mzigo mkubwa unakuja kwenye maungio, na hapohapo kwenye maungio ndo fundi anapiga moto na moto unakipunguzia chuma nguvu, kwahiyo hapo weka nyama, katikati punguza uzito.

Wazo hili la zamani kweli. Alfred Reynolds wa Birmingham, Uingereza, familia yao walikuwa watengeneza misumari, alilisajili mwaka 1897 baada ya kuona mabomba membamba yanakatika kwenye maungio.

Mimi kilichonisumbua siku nyingi ni wanafanyaje! Bomba linavutwa kupita kwenye tundu la chuma kigumu huku ndani kuna mti wa chuma ulionenepa katikati na kukonda mwishoni, bomba linaubana mti na kuchukua umbo lake kwa ndani. Sawa. Sasa mti unatokaje, maana umefungiwa na ncha nene pande zote mbili? Jibu ni kwamba bomba linapitishwa kwenye rola zilizokaa mshazari, zinalisukuma na kulizungusha hadi linatanuka kidogo tu, basi mti unachomoka.

Sasa twende kwa fundi. Watu wengi wanadhani chuma cha bei mbaya, tuseme kromoli (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni), ni kigumu kupinda kuliko chuma cha kawaida cha dukani. Hapana bana. Kinachozidi ni nguvu, yaani hakikatiki wala kubonyea kirahisi, lakini kwenye kunepa vyuma vyote karibu sawa. Kinachoamua kama fremu itanepa au itakaza ni upana wa bomba na unene wa ukuta wake. Chukua bomba la 28.6 mm, badala yake weka la 31.8 mm lenye ukuta uleule, umeongeza milimita 3 na kidogo tu lakini ugumu umepanda zaidi ya theluthi moja, na uzito umeongezeka kama asilimia 11. Ndo maana fundi wa oda swali lake la kwanza ni una kilo ngapi na unapenda kupita wapi. Ni kama nguo ya kushonesha, mtu wa kilo 60 na mtu wa kilo 100 hawashonewi kitambaa kimoja.

Kazi inayokula muda ni kukata ncha. Kila ncha inachongwa kama mdomo wa samaki ili ilikumbatie bomba lingine bila kuacha upenyo, na hapa lazima ujue sehemu nene inaishia wapi, maana ukikata sana upande mmoja unajikuta unachomelea kwenye ile 0.5 na fremu imekufa kabla haijazaliwa. Kuchomelea, wengine wanatumia TIG, yaani kuyeyusha chuma chenyewe kwa umeme na gesi, wengine shaba, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi kama 900 wakati chuma chenyewe kinataka karibu 1500, kwahiyo bomba haliyeyuki kabisa, shaba inalishika tu kwa pembeni. Mimi naipenda ya shaba, ikipigwa tupa vizuri ungio linakuwa laini kama limemiminwa.

Alafu kuna hili la shokapu. Baiskeli tunayoongelea ina shokapu mbele tu, nyuma kavu, wenyewe wanaziita haditeli. Mbele ikizama nyuma haizami, kwahiyo baiskeli nzima inainama na pembe ya usukani inasimama zaidi, shokapu ya milimita 120 ikizama yote unapoteza digrii kama 5 hivi, tena unazipoteza kwenye mteremko ambapo unazihitaji. Ndo maana fundi anailaza pembe hiyo mapema, digrii 65 au 64, na anaichora fremu akiwa ameshahesabu wewe umekaa na shokapu imezama kidogo. Joe Breeze alipotengeneza fremu zake za kwanza za mlimani kule California mwaka 1977, kwa kromoli, hesabu hii hakuwa nayo, shokapu haikuwepo.

Kwanini wasitumie alumini? Wapo wanaotumia, ila alumini nyingi za baiskeli ukishachomelea fremu nzima inatakiwa iingie kwenye tanuri ndo irudishe nguvu, na tanuri la hivyo fundi wa karakana ya uani anatoa wapi. Chuma ukimaliza kuchomelea unasubiri kipoe.

Siku ukiigeuza fremu ya hivi chini juu, angalia mabomba ya nyuma karibu na ekseli, mara nyingi utakuta katundu kama ka sindano nene. Watu wanadhani kasoro. Ni ka kutolea hewa, bomba likizibwa pande zote huku linapigwa moto hewa ya ndani inatanuka na kupasua ungio kabla halijaganda. Na tundu hilohilo baadae unalitumia kupulizia oili ndani, kutu isianze kulila taratibu bila wewe kujua.