Mawe ya Mwanza: yalivyoumbika, yanavyooza na mjenzi anachopaswa kukagua

Wageni wengi wanaofika Kamanga na kulitazama Jiwe la Bismarck huuliza ni nani aliyapanga mawe yale moja juu ya jingine. Wengine hudhani yalirushwa na volkano. Mawe yale yako palepale yalipozaliwa, sawa na yale ya Kisiwa cha Saanane na ya vilima vya Isamilo na Bugando. Kilichoyachonga ni maji yaliyopita kwenye nyufa. Nyufa za namna hiyo ndizo zinazoamua nyumba ipi ya mlimani iko salama, udongo gani uko shambani, na hata dhahabu ya Geita imekaa wapi.

Tuanze na tofauti ya madini na mwamba. Madini ni kitu kigumu cha asili chenye kemikali zinazojulikana, na chembe zake zimejipanga kwa mpangilio maalumu. Mwamba ni mkusanyiko wa madini. Mwamba wa Mwanza kwa sehemu kubwa ni matale, yaani graniti. Vunja kipande upate uso mpya, kwa sababu uso wa nje umeshaoza na hudanganya, kisha kilowanishe na ukitazame juani. Punje za kijivu zinazofanana na kioo kilichovunjika ni kwatsi. Zile nyeupe au za waridi zenye nyuso bapa zinazomemetuka ukigeuza jiwe ni feldispa. Vipande vyeusi vinavyobanduka kwa ncha ya sindano ni ulanga.

Msumari wa chuma una ugumu wa kama 5.5 katika kipimo cha Mohs chenye daraja 1 hadi 10. Feldispa ni 6 na kwatsi ni 7, hivyo msumari hauwezi kuzikwaruza. Utaona mstari wa kijivu, na wengi hufurahi wakidhani jiwe limekwaruzika. Ufute kwa kidole kilicholowa: ukitoka, hiyo ilikuwa chuma ya msumari. Jiwe la chokaa, lenye ugumu wa 3, huchimbika, na ukilidondoshea limau hutoa mapovu.

Matale ni mwamba wa moto. Uji wa mawe ulipanda ukakwama kilomita kadhaa chini ya ardhi, ukapoa polepole mno, ndiyo maana punje zake zilipata muda wa kukua hadi zikaonekana kwa macho. Uji uliomwagika juu na kupoa haraka hutoa mwamba wa punje ndogo, kama basalti. Hayo ya Mwanza yalitokea zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ziwa Victoria lenyewe, kwa kulinganisha, ni changa: lina umri wa takriban miaka 400,000, nalo lilitokea ardhi ya magharibi ilipoinuka na kuziba mito iliyokuwa ikielekea huko.

Kadiri mwamba wa juu ulivyomomonyoka, uzito ulipungua na matale yakatanuka, yakapasuka kwa nyufa za wima na za ulalo. Mvua ikiingia humo hubeba hewa ya kaboni kutoka udongoni na kuwa tindikali hafifu. Feldispa hugeuka udongo wa mfinyanzi, ulanga huota kutu, na kwatsi hubaki kama mchanga. Kona ya bonge hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo pande mbili, uso upande mmoja tu. Kwa hiyo kona huisha kwanza na bonge huwa mviringo, likibanduka maganda kama kitunguu. Mvua zikishachukua udongo uliooza katikati ya mabonge, hubaki milundo ya mawe tunayoiona leo.

Hapo ndipo penye hatari kwa anayejenga mlimani. Mawe ya mviringo ni ya aina mbili: lililoshikana na mwamba wa chini, na lililokalia mwamba uliooza unaomomonyoka kwa jembe. Kwa juu yote mawili yanafanana, na kugonga kwa nyundo hakutakuambia lipi ni lipi. Tazama chini yake, upande wa bondeni. Ukiona udongo wa kahawia wenye mchanga ukipita chini ya jiwe, hilo limebebwa tu. Usikate udongo huo kupata uwanja, hata sentimita 50, na usiruhusu maji ya bafu au ya paa yamwagike hapo. Chimba mfereji upande wa juu uyapeleke kando. Ufa mpya wa udongo kuzunguka jiwe, mti ulioanza kuinama chini yake, au maji ya matope yanayochuruzika baada ya mvua ni dalili za kuhama nyumba kwanza na kumwita mhandisi baadaye. Kulipasua jiwe kama hilo bila ushauri ni hatari vilevile, maana uzito hubadilika ghafla.

Jambo la pili ni kokoto. Wapasuaji wengi huwasha kuni au matairi juu ya jiwe ili lipasuke. Linapasuka kwa sababu kila madini hutanuka kwa kiasi chake, na kwatsi ikifikia nyuzi 573 za Selsiasi mpangilio wake hubadilika na ujazo wake huongezeka kwa mkupuo. Lakini mipasuko haiishii pale nyundo inapopita. Midogo isiyoonekana hubaki ndani ya kila kokoto. Kwa maoni yetu kokoto hizo zisitumike kwenye nguzo wala zege la ghorofa. Moshi wa matairi nao ni sumu kwa anayeuchochea. Kupima ni rahisi: kausha kilo 2 za kokoto, ziloweke saa 24, zifute kwa kitambaa, pima tena. Matale mazuri hayafikishi nyongeza ya gramu 20. Ikizidi gramu 40, kataa mzigo.

Mchanga na mfinyanzi uliotoka milimani hushuka na kujitenga. Juu hubaki luseni, mchanga mwepesi wa mihogo na karanga. Chini kuna itogolo, ambako maji hutuama na watu hupiga majaruba ya mpunga. Bondeni kabisa kuna mbuga nyeusi. Mfinyanzi wa mbuga huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi mfupi uliowekwa hapo hupasua kuta.

Geita ni habari nyingine. Kule kuna miamba geu: lava na matabaka ya chuma na kwatsi yaliyozikwa, yakabanwa na kupikwa bila kuyeyuka. Lava iligeuka kijani kwa sababu madini yake yalipangika upya. Maji ya moto yenye salfa yalipanda kwenye nyufa yakiwa yamebeba dhahabu. Yalipokutana na mwamba wenye chuma, salfa iliungana na chuma ikawa pairiti, na dhahabu iliyopoteza mbebaji wake ikaganda hapohapo. Matale ya Mwanza yana chuma kidogo sana. Mtego huo haukuwapo.

Pairiti hung'aa kama dhahabu na huwatia watu hasara. Igonge: husagika, ilhali dhahabu hubonyea na kutandazika. Isugue nyuma ya kigae cha sakafu, upande usiong'arishwa: pairiti huacha mstari mweusi wenye ukijani, dhahabu huacha wa njano. Kwenye karai, dhahabu ina uzito mara 19 wa maji na hubaki chini. Pairiti ni mara 5. Ulanga uliooza hung'aa kama dhahabu lakini huelea na kuondoka na maji. Usichome jiwe kulijaribu, kwani pairiti hutoa hewa ya salfa inayounguza mapafu.

Ukitaka jibu la maabara, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyopo Dodoma hupima sampuli. Chukua kilo 1 hadi 2 za mwamba mbichi kutoka sehemu mbalimbali za mshipa, usichague vinavyong'aa tu. Weka kila sampuli kwenye mfuko wake safi, andika namba ndani na nje, na rekodi mahali ulipoitoa kwa simu yenye ramani kabla hujaondoka hapo.