Je, wajua kwa nini mchicha na moyo vinatosha kukufundisha taa za chombo?

Nje kidogo ya Nungwi, usiku usio na mwezi, nahodha wetu alinyoosha kidole upande wa Pemba akaniuliza, "Haya mwanangu, ile yaja au yenda?"

Niliona taa mbili: nyeupe juu, nyekundu chini yake. "Yaja, ami," nikajibu bila wasiwasi.

Akacheka. "Ingekuja ungeiona na kijani pia. Ile yapita, yenda zake mkono wako wa kushoto."

Tukatulia kuitazama. Kweli, ikasogea taratibu kuelekea kushoto mpaka nyekundu ikazimika machoni, ikabaki nyeupe peke yake. Niliona haya, maana orodha ya taa nilikuwa nimeikariri mchana kutwa barazani. Baharini, chombo kikiyumba na maji yakikurukia usoni, orodha haikai kichwani. Kinachokaa ni kitu unachokijua tangu utotoni.

Mwanzo wa yote ni huu: ukisimama ndani ya chombo na kutazama mbele, taa ya ubavu wa kushoto ni nyekundu na ya kulia ni kijani. Ndivyo ilivyo dunia nzima, kwa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972, zilizoanza kutumika 1977. Rangi zenyewe ni za zamani zaidi. Uingereza iliziamuru meli zake za moshi kuwasha nyekundu na kijani tangu 1848. Waingereza wana hila yao ya kukumbuka: ubavu wa kushoto wanauita port, herufi nne sawasawa na left, na mvinyo wenye jina hilo hilo ni mwekundu. Hila nzuri kwao. Kwa mtoto wa Mkokotoni aliyelelewa chuoni akisoma Kurani na asiyeujua mvinyo kwa rangi wala kwa harufu, ni kumbebesha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Sisi tunayo yetu, na imo ndani ya lugha. Mkono wa kulia ndio mkono wa kulia chakula. Unakula nini? Mchicha, kisamvu, matembele. Kijani. Na kushoto kuna nini? Weka kiganja kifuani: moyo, na ndani yake damu. Nyekundu. Basi, hapo umemaliza.

Uzuri wa jozi hii ni kwamba haikomei kwenye chombo chako. Ukiona nyekundu tu kwenye chombo cha mwenzio, ujue unatazama ubavu wake wa kushoto, kwa hiyo omo yake, yaani mbele yake, imeelekea kushoto kwako na huko ndiko kinakokwenda. Ukiona kijani tu, kinakwenda kulia kwako. Ndilo jibu nililolikosa usiku ule. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, mnatazamana, na hapo zimegeuka: nyekundu yake iko mkono wako wa kulia, kama mtu anayekuja kukuamkia, ambaye kushoto kwake ni kulia kwako.

Mkikutana hivyo uso kwa uso, nyote mna mashine, kila mmoja anapinda kulia, mnapishana nyekundu kwa nyekundu. Hapa ndipo dereva wa daladala anapoweza kutuua sote. Barabarani kwetu tunashika kushoto. Baharini tunakwepa kwa kulia. Anayetoka kwenye usukani wa gari kwenda kwenye usukani wa boti asipolikumbusha kichwa chake jambo hili, mkono utamtangulia.

Njia zikikatana, nyekundu inafanya kazi ile ile ya taa za barabarani. Chombo kinachotokea kuliani kwako na kukata mbele yako kitakuonyesha nyekundu: wewe ndiye wa kumpisha. Kinachotokea kushotoni kitakuonyesha kijani: endelea na njia yako na mwendo wako, lakini macho usiyatoe, maana kijani haikuhakikishii kwamba mwenzio yuko macho. Na kama chombo kile kinakaribia huku ukikiona pale pale tu, hakisogei mbele wala nyuma ukilinganisha na ubavu wako, mnakwenda kugongana.

Wazee wetu wa majahazi hawakuzigawa mbavu kwa kulia na kushoto tu. Walikuwa na goshi na demani. Goshini ndiko upepo unakopiga, demani ndiko unakoelekea. Chombo kikigeuza tanga, goshi ya asubuhi huwa demani ya mchana. Ni maneno ya mtu anayeishi na upepo, na kwa kuendesha tanga sijaona yanayoyashinda, ila taa haiwezi kuyafuata: hutoboi ubao na kuhamisha kandili kila ukigeuza tanga. Hata hivyo kanuni za leo bado zinayahitaji. Matanga mawili yakikutana, upepo ukiyapiga mbavu tofauti, yule ambaye goshi yake iko kushoto ndiye anayempisha mwenzie. Kushoto, nyekundu, pisha. Kama goshi zao ziko upande mmoja, aliye juu ya upepo humpisha aliye demani yake.

Na kwa anayechanganya omo na tezi: omo ni mbele, tezi ni nyuma. Mimi hukumbuka kwamba omo ndiko unako*ona*. Methali ya "tezi na omo, marejeo ngamani" nayo inasaidia, kwani inazitaja ncha mbili za chombo kisha inakurudisha katikati, chini, maji yanakokusanyika.

Turudi kwenye taa. Ile nyeupe ya mlingotini inamulika mbele na ubavuni, nyuzi 225. Kila taa ya ubavu inamulika nusu ya hizo, 112.5. Nyeupe ya tezini inajaza zilizobaki, 135, na duara la 360 linatimia bila pengo. Ndiyo maana meli ile ya Nungwi ilipotupita nyekundu yake ilikatika ghafla: tulikuwa tumeshaingia kwenye eneo la taa ya tezi. Meli za urefu wa mita 50 na kuendelea zina nyeupe mbili za milingotini, ya mbele ikiwa chini na ya nyuma juu. Hizo nimezipa jina la mama na mtoto: mtoto katangulia, mama yuko nyuma yake. Meli inakwenda anakokwenda mtoto. Wakisimama mstari mmoja, mama juu ya kichwa cha mtoto, wanakuja kwako.

Wavuvi wakubwa wana zao, na hapa nakiri nimefikiri kwa tumbo. Nyekundu juu ya nyeupe ni mchuzi juu ya wali: chombo kinavua, kina nyavu au kamba majini. Kijani juu ya nyeupe ni mwani uliozolewa kutoka chini: chombo kinakokota wavu. Nyeupe juu ya nyekundu ni rubani wa bandari, na kofia yake nyeupe kichwani. Nyekundu mbili, moja juu ya nyingine, ni macho ya mgonjwa: chombo kimeshindwa kujiongoza, usitegemee kitakupisha.

Wanaovua dagaa kwa karabai na taa kali wanaweza kuuharibu mpango wote huu. Mwangaza wao unameza nyekundu na kijani zilizo karibu nao, na kwa mbali safu yao ni kama mji mzima umejengwa juu ya maji.

Ukiingia bandarini, jozi yetu inakufaa mara ya tatu. Katika mfumo wa maboya unaotumika Afrika na Ulaya, chombo kinachoingia kinaacha boya jekundu kushoto na la kijani kulia. Ukitoka yanageuka. Ukivuka bahari kwenda Marekani au Japani, sahau; huko wamegeuza kinyume.

Yapo pia maboya yanayokuambia upite upande gani wa dira, na usiku yanahesabiwa kwa mimweko: la mashariki 3, la kusini 6 na mmoja mrefu wa kufungia, la magharibi 9, la kaskazini linamweka bila kukoma. Hila yake ni uso wa saa. Tarakimu 3 iko kulia, 6 chini, 9 kushoto. Lakini Mswahili ana mtego wake hapa, kwa sababu mshale ukiwa kwenye 3 sisi tunasema saa tisa, na ukiwa kwenye 9 tunasema saa tatu. Soma kilichoandikwa, usisome unachokitamka. Kama pande zenyewe zinakupotea, simama kama unayetaka kusali. Kutoka Unguja na Pemba kibla kiko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo mkono wa kulia ni mashariki na wa kushoto magharibi.

Iliyobaki ni nyeupe moja peke yake, na hiyo sijaipatia hila. Inaweza kuwa tezi ya chombo kinachokwenda zake. Inaweza kuwa chombo kilichotia nanga. Inaweza kuwa meli kubwa bado iko mbali, maana taa yake ya mlingoti inatakiwa ionekane maili 6 za baharini na za ubavuni maili 3 tu. Inaweza kuwa kiboti cha mashine cha chini ya mita 7 kisichozidi noti 7, yaani maili 7 za baharini kwa saa, ambacho kinaruhusiwa nyeupe moja inayomulika pande zote. Na ngalawa ya tanga ya chini ya mita 7, ikishindwa kuweka taa za kawaida, inatakiwa angalau iwe na tochi au kandili tayari ya kuonyesha mapema.

Usiku ule ule, tukirudi, tuliiona moja mbele yetu, ikiwaka na kuzimika. Nahodha hakuuliza mtu. Alipunguza mashine mpaka tukasikia maji yakigonga ubao, akangoja. Mwanga ukageuka juu, ukaangukia tanga lenye viraka vitatu, na chini yake mzee na kijana ndani ya ngalawa. Mzee ndiye aliyekuwa na tochi, akiimulika nguo ya tanga ili tumwone vizuri.

"Mna habari gani za huko?" akapaza sauti.

"Njema, samaki hamna," nahodha akamjibu, akapinda kulia, tukapita nyuma ya tezi yao.