Duara likishafukiwa, tazama kinachoota

Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, likifukiwa hapa Chunya, kazi huwa kama imekwisha. Mtambo wa kijiko umesawazisha udongo, picha ya kumwonyesha mkaguzi imepigwa, watu wamehamia duara jingine. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, pale mahali panakuwa kijani na kila mmoja anaridhika. Sisi wa afya ya mimea tukifika tunauliza: kijani cha nini?

Mara nyingi ni magugu: ndago, kishona nguo na mnanaha, na pembezoni kichaka cha mvuti kimeshajishika. Miti ya miombo ina nguvu yake ya kurudi, ndiyo maana shamba la tumbaku likiachwa miaka kadhaa hugeuka pori bila mtu kupanda hata mche mmoja. Lakini pori hilo linachipua kutoka kwenye visiki na mizizi iliyobaki chini. Kwenye duara mizizi yote imeng'olewa, na mbegu za miti mingi ya miombo hazikai muda mrefu ardhini. Za magugu zinakaa. Mbegu ya kiduha, adui wa mkulima wa mahindi, huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 ikingoja mahindi yapandwe.

Kwa hiyo dawa ya kwanza inaanza siku ya kuchimba. Ule udongo mweusi wa juu, kiasi cha sentimita 15 hadi 30, uwekwe peke yake, usichanganywe na mawe. Lundo lake nalo lisiachwe wazi, maana litakuwa kitalu cha magugu. Siku ya kufukia, mawe yatangulie chini na udongo huo urudi juu, kisha mvua za kwanza zikute mbegu imeshamwagwa. Mimi napendelea marejea, wanayoipanda wenzetu wa Ruvuma kurutubisha mashamba: inakua haraka, inafunika ardhi na kuyanyima magugu mwanga. Miche ya miti ya asili ifuate.

Magugu yatakayopenya yang'olewe kwa mkono kabla ya kutoa maua. Mvuti usiufyeke tu, kwani kisiki kitachipua upya. Chimba mpaka mzizi. Ng'ombe akiula huugua ini, na ngozi yake huharibika akikaa juani. Kuchoma moto hakusaidii: kunaiacha ardhi uchi, na ardhi uchi ndiyo magugu yanayoitaka.

Kuna moja linaloninyima usingizi, nalo ni gugu karoti. Lilibainika Arusha mwaka 2010. Majani yake yanafanana na ya karoti, maua ni madogo meupe, na mmea mmoja uliostawi huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Huwasha ngozi, huchochea pumu, na ng'ombe akilila maziwa yake huwa machungu. Mbegu husafiri kwenye tope la matairi. Kijiko au tipa likitoka mkoa mwingine, lioshwe kabla ya kuingia eneo la kazi, siyo baada. Ukiliona gugu hilo, usilishike kwa mikono mitupu. Piga picha, mpelekee afisa ugani wa kata.

Viuagugu vina nafasi yake, ila ndogo. Ukinyunyizia eneo zima unaua na marejea yako, na kando ya mto ni marufuku kwangu hata gugu liwe kaidi namna gani.

Marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, yakiwa yamepitia zebaki ni habari nyingine. Hapo usipande mchicha wala kulisha mbuzi, hata pakionekana pamestawi. Pafunikwe kwanza kwa udongo safi uliotoka kwingine, na kabla ya kuusomba huo udongo, chungulia kinachoota juu yake.