Madaftari Kwanza, Rangi Baadaye

Ndege yangu ndogo, Cessna 150, niliiuza bado naipenda. Injini yake ya nguvu za farasi 100 haijawahi kunisumbua, ila viti ni viwili tu, na nyumbani sasa tuko wanne. Nikaanza kutafuta Cessna 172, yenye viti vinne.

Aliyeinunua ile 150 ndiye aliyenifundisha kununua. Hakuanza na ndege, aliomba madaftari yake, yale yanayoandikwa saa ilizoruka na kila matengenezo. Aliketi chini ya bawa akasoma asubuhi nzima, na kila palipokuwa na pengo aliniuliza: mbona hapa miezi minane haikuruka? Majibu nilikuwa nayo, na risiti pia. Ndege iliyopoteza daftari hushuka bei hata ikiwa inaruka vizuri, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha kwamba marekebisho ya lazima yaliyoagizwa na mamlaka za anga yalifanyika.

Cessna 172 ya kwanza niliyoiona ilikuwa inang'aa, na injini yake, Lycoming O-320, ilikuwa na saa 600 tu tangu ifumuliwe na kuundwa upya. Mtengenezaji anashauri saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Hii ilikuwa imepitisha miaka 15. Kwenye injini hizi kemshafti, mhimili unaofungua vali, imekaa juu ya krenkshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Ndege ikilala wiki nyingi, oili yote huchuruzika chini, chuma kinabaki kikavu, unyevu unakipata na kutu inaanza. Siku ikiwashwa, kutu hiyo inageuka tupa.

Nilimwita fundi ambaye hajawahi kuihudumia ndege ile. Hilo sikubali kulilegeza: fundi wa muuzaji, hata awe mwaminifu vipi, anakagua kazi yake mwenyewe. Alijaza kila silinda hewa ya pauni 80 kwa inchi ya mraba, mwenzake ameshika propela kwa nguvu, kisha akatega sikio. Hewa ikivuma kwenye ekzosi, vali ya kutolea moshi inavuja. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi za pistoni zimechoka. Silinda zote zilishika vizuri. Basi akakata filta ya oili, akakunjua karatasi yake juani. Ilimetameta. Akapitisha sumaku, chembe zikanata: chuma cha ndani ya injini kilikuwa kinalika. Nikamshukuru muuzaji, nikaondoka.

Niliyonunua rangi imepauka na injini ina saa 1,300, lakini imeruka karibu kila wiki. Tulipiga hesabu ya uzito kabla ya kulipa, kwa sababu viti vinne si ruhusa ya kupakia watu wazima wanne na matangi yakiwa yamejaa. Wanangu bado wadogo, tunatosha.

Baada ya saa 25 za kwanza nilibadilisha oili, nikaikata filta mwenyewe. Karatasi ilikuwa nyeusi tupu, bila hata chembe moja. Nikaliandika hilo daftarini, pamoja na tarehe.