Shajara za kubuni za wana wa kifalme: mtoto hadanganywi

"Mwanangu kang'ang'ania vitabu vya uongo, mpe historia ya kweli." Maneno haya nayasikia kwenye meza ya kuazimia vitabu, tena kutoka kwa wazazi wanaopenda kuona watoto wao wakisoma. Kitabu kinachoshtakiwa ni cha aina ileile: shajara ya kubuni, imeandikwa kana kwamba binti mfalme wa karne ya 16 au ya 18 ameketi usiku na kalamu, anamlalamikia mlezi wake au anamwogopa mume ambaye bado hajamwona. Mtoto akikimaliza kimoja, kesho yake anarudi kuulizia kingine. Mimi mkutubi hufurahi. Mzazi huingiwa na hofu, na hofu hiyo imesimama juu ya mambo yasiyo ya kweli.

Dhana: shajara ya kubuni ni uongo, shajara halisi ndiyo yenye ukweli

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mwongo huficha kwamba anaongopa. Riwaya ya kihistoria ina jina la mwandishi kwenye jalada, na zile zilizoandikwa kwa uangalifu hufunga na maelezo ya kipi kilitokea na kipi kimebuniwa, pamoja na mti wa ukoo na picha za enzi hizo. Mtoto aliyekua akisikiliza hadithi za sungura na fisi hahitaji kuonywa kwamba msimulizi amebuni maneno yao.

Kosa kubwa liko upande wa pili, kwa wale wanaodhani shajara halisi haifichi kitu. Chukua ya Victoria wa Uingereza. Alianza kuiandika mwaka 1832, akiwa na miaka 13, katika daftari alilopewa na mama yake, na mama huyohuyo alikuwa akiisoma. Huyu ni msichana aliyelala chumba kimoja na mama yake mpaka alipokuwa malkia, na aliyekatazwa kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Angeandika wapi kwamba amechoka? Kurasa zake za mwanzo zimejaa safari, kubadilisha farasi, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Ni kweli tupu, lakini msichana mwenyewe humwoni. Kisha Juni 1837 anarithi ufalme akiwa na miaka 18, na ghafla anaandika kwa mkazo kwamba amempokea Waziri Mkuu akiwa peke yake. Ukijua nani alikuwa akisoma daftari lile, maneno hayo mawili, "peke yake", yanakwambia mengi kuliko kurasa zote za farasi.

Na hata hapo hatujamaliza. Baada ya Victoria kufariki mwaka 1901, binti yake Beatrice alinakili shajara za mama yake, akaacha aliyoona hayafai kusomwa, akaharibu sehemu kubwa ya daftari za asili. Sehemu kubwa ya tunachokiita "shajara halisi" ya maisha yake ya utu uzima ni nakala iliyochujwa na mwanawe.

Mfalme mtoto Edward VI wa Uingereza, aliyetawazwa mwaka 1547 akiwa na miaka 9, naye alikuwa akiandika kumbukumbu kwa mkono wake. Januari 1552 anaandika kwamba mjomba wake, Duke wa Somerset, amekatwa kichwa Tower Hill, London, kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Basi. Hakuna chozi, hakuna neno la mapenzi wala la chuki. Mwanahistoria lazima aishie hapo, kwa sababu hati imenyamaza. Mwandishi wa riwaya anaruhusiwa kuuliza kijana yule alilalaje usiku ule, na kwa kuwa anakiri kwamba anabuni, hajamwibia mtu ukweli.

Wazazi wakisisitiza wanataka binti mfalme aliyeandika mwenyewe, huwatajia Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Wasichana wa nyumba yao walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, akiwa na miaka kama 15, kalamu yake ndiyo iliyotumika kuandika barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya ndugu yao Majid aliyekuwa akitawala. Siku nyingine mtoto akikuuliza kwa nini binti wa riwayani anaficha shajara chini ya godoro, msimulie habari hii. Hata hivyo kumbukumbu za Salme zilichapishwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Ni mwanamke mzima anayewaandikia wasomaji wa Ujerumani kuhusu utoto wake. Naye alijua nani atamsoma.

Kwa hiyo swali la kumfundisha mtoto ni hili: aliyeandika alimwandikia nani? Swali hilo linafaa kwa riwaya na kwa hati sawasawa. Nami sichoki kuwaambia wazazi: kitabu kikiisha, kaeni na mtoto, mfungue maelezo ya mwisho mkiwa na penseli na karatasi, muorodheshe watu waliokuwepo kweli. Msianze na maelezo hayo. Yatamnyima mtoto nafasi ya kukisia mwenyewe.

Dhana: vinamjaza mtoto tamaa ya anasa

Anayesema hivi hajafungua hata kimoja. Elizabeth I, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, alikuwa hajatimiza miaka mitatu mama yake alipokatwa kichwa mwaka 1536, na mwaka 1554 dada yake Mary alimfunga kwenye Mnara wa London. Marie Antoinette, aliyekuja kuwa malkia wa Ufaransa, aliondoka Vienna mwaka 1770 akiwa na miaka 14, na hakumwona mama yake tena. Watoto husoma haya wakafikiria upweke, si magauni.

Na kwa kuwa tumemtaja Marie Antoinette: hakuna ushahidi kwamba aliwahi kusema wasio na mkate wale keki. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau aliandika kisa hicho kuhusu binti mfalme asiyemtaja jina, kabla Marie Antoinette hajafika Ufaransa.

Dhana: Anastasia, binti wa mfalme wa mwisho wa Urusi, alitoroka

Hapana. Aliuawa Yekaterinburg usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, pamoja na wazazi, dada na mdogo wake. Mabaki yalifukuliwa mwaka 1991, mengine yakapatikana 2007, na vipimo vya DNA vimefunga mjadala.

Dhana: ni vitabu vya wasichana

Edward VI alikuwa mvulana. Mpe mwanao wa kiume kitabu asome.

Dhana: wana wa kifalme ni wa Ulaya tu

Rafu nyingi zinachochea wazo hili, na hapo nawaelewa wazazi. Ila waulizieni Nzinga, malkia wa Ndongo na Matamba, katika Angola ya leo. Mwaka 1622, akiwa mjumbe wa kaka yake huko Luanda, gavana Mreno hakumwekea kiti, naye akaketi juu ya mgongo wa mtumishi wake ili wazungumze wakiwa sawa. Shajara ya utotoni hakuacha. Mengi yanayosimuliwa kuhusu ujana wake yanatoka kwa padri Mkatoliki wa shirika la Wakapuchini, Cavazzi, aliyemfahamu akiwa tayari mzee. Shajara yoyote ya Nzinga mdogo, basi, imebuniwa yote, na mwandishi mwaminifu atalisema hilo kwenye kurasa za mwisho. Asipolisema, mwambieni mtoto ninyi.