Kiwanja cha kwanza cha wanandoa: majina yote mawili yaandikwe tangu siku ya mauziano

Waliingia ofisini kwetu mume na mke, wote bado hawajafikisha miaka thelathini, wakaweka mezani bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyochanwa kwenye kaunta buku: mauziano ya kiwanja cha Chanika, majina ya mashahidi wanne, dole gumba la mzee aliyeuza na muhuri wa zambarau wa serikali ya mtaa. Walitaka kujua safari ya hati inaanzia wapi. Nikaisoma karatasi mara mbili. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, mume. Nikamuuliza mke fedha zilitoka wapi. "Nusu mshahara wake, nusu kikoba changu," akajibu, na mumewe akaitikia kwa kichwa.

Pale hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Dalali aliuliza aandike jina la nani, mume ndiye aliyekuwa amesimama karibu, likaandikwa lake. Ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Lakini kwenye dawati hilohilo huwa nawapokea wajane wenye bahasha kama ile, miaka kumi baadaye, nyumba imeshasimama na shemeji wameshaanza kuuliza nyumba ya kaka yao. Ndiyo maana leo nawaandikia ninyi mnaokusanya fedha za kiwanja au nyumba ya kwanza.

Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuimiliki na kuitumia, na hati huitaja kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Haki hiyo hufuata jina lililoandikwa, hivyo jina si jambo la kumwachia dalali.

Sheria haikuwasahau wanandoa. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 kinasema ardhi iliyopatikana kwa matumizi ya wanandoa wote huchukuliwa kuwa ni yao wote, isipokuwa hati yenyewe iseme wazi vinginevyo. Hata pale jina likiwa la mmoja, mwenzake aliyechangia kwa jasho lake kuitunza na kuiendeleza anapata haki humo. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ulinzi upo, basi. Shida ni kwamba kuupata kunaweza kukulazimu kwenda kuthibitisha mbele ya baraza au mahakama, na shahidi aliyekuona ukibeba maji ya kumwagilia tofali huenda ameshahama. Jina lililoandikwa linakuondolea sehemu kubwa ya mzigo huo.

Mkishakubaliana kuandika majina mawili, kuna uamuzi mwingine ambao wengi hawaelezwi. Namna ya kwanza ni umiliki wa pamoja usiogawanyika: mmoja akifariki, haki yake inahamia kwa aliyebaki. Namna hii sheria imewawekea wanandoa pekee. Ya pili, kila mmoja ana fungu lake: mmoja akifariki, fungu lake linaingia kwenye mirathi na kwenda kwa warithi wake. Kwa vijana wanaoanza maisha na watoto ni wao wawili, mimi huwashauri waifikirie sana ile ya kwanza. Kama mmoja wenu ana watoto wa nje ya ndoa hii, au ana wazazi wanaomtegemea, kaeni mzungumze kwanza, kwa sababu fungu linaweza kuwa la haki zaidi. Wachumba ambao hawajafunga ndoa wanunue kwa mafungu, na kila fungu litajwe.

Sasa geuzeni upande wa pili wa meza, kwa muuzaji. Huyo naye huenda ana mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inamtwisha mnunuzi wajibu wa kuuliza kama ridhaa hiyo ipo. Usipouliza, mauziano yanaweza kuja kubatilishwa. Mkeo hajasahaulika, basi na wa mwenzio asisahauliwe: aje, asome, aweke saini. Na ukiambiwa kiwanja ni cha urithi, dai barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kuwa mtoto wa marehemu hakumpi mtu mamlaka ya kuuza.

Kabla ya fedha kutoka, kama kiwanja kina hati, fanyeni upekuzi kwa Msajili wa Hati, kile ambacho mtaani huitwa sachi. Hapo mtaona mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama limewekwa. Kama hakijapimwa, nendeni idara ya ardhi ya halmashauri mkaulize eneo limepangiwa matumizi gani. Muhuri wa mtaa unaonyesha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali wala kwamba pale panajengeka.

Hili la pili limeumiza watu wengi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na barabara kuu kwa kawaida ina hifadhi yake ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Wakazi wa bonde la Msimbazi walibomolewa mwishoni mwa mwaka 2015, wa Kimara kando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017. Pimeni kwa futi kamba, msipime kwa macho. Mkifika kiwanjani, tafuteni bikoni kila pembe: nguzo fupi ya zege yenye chuma katikati, na namba yake. Ziandikeni namba hizo, mzilinganishe na ramani ya upimaji. Isipopatikana moja, mwiteni mpimaji kabla ya kulipa.

Wale vijana wa Chanika walibahatika, mzee aliyeuza bado yu hai na mkewe yupo. Walirudi kwake, wakaandika mauziano upya mbele ya wakili, wanunuzi wawili, wauzaji wawili. Waliponiletea, tulikwama tena kidogo: kwenye mauziano mke ameandikwa kwa ubini wa mumewe, ilhali kitambulisho chake cha NIDA kina jina la baba yake. Tuliwaelekeza warudi kwa wakili, mke aapie kiapo cha majina. Hati huandikwa jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.