Dakika 40 za nani?

Alfajiri stendi ya Bagamoyo, konda akiulizwa Makumbusho, kule Dar es Salaam, tutafika saa ngapi, hakisii. Anampigia mwenzake aliyetangulia: "Umetumia muda gani?" Akijibiwa saa moja na nusu, ndiyo hiyo anayowatangazia abiria. Mimi ni mhandisi wa usafirishaji, na kila nikimsikia nacheka kimoyomoyo. Vibao vya kielektroniki vya barabara kuu za Marekani, vile vinavyoandika dakika za kufika mbele, baadhi yavyo hufanya kazi hiyo hiyo, kwa gharama kubwa tu.

Mashine kando ya barabara hunasa mawimbi ya Bluetooth ya simu iliyomo garini, na nyingine kilomita kadhaa mbele huinasa tena. Tofauti ya saa ndiyo muda wa safari. Bodaboda aliyechomoka katikati ya foleni na dereva aliyesimama kunywa madafu lazima wachujwe, la sivyo wataivuruga hesabu. Kinachobaki ni kipimo cha kweli, ila ni cha aliyekwisha kufika. Yeye alipita Tegeta, huko njiani, watu wakiwa bado wanavaa viatu. Wewe utapita nao. Ndiyo maana foleni ikiwa inakua kibao hutaja dakika pungufu, na ikianza kulegea hutaja za ziada.

Njia nyingine ni nyaya zilizofukiwa kwenye lami, zinazopima kasi pale pale zilipo. Foleni ikijaa kati ya nyaya mbili, hazina habari. Na hata kasi ikipimwa sawasawa, hesabu yaweza kuharibika. Chukua kilomita 20: 10 za kwanza magari yanakwenda 60 kwa saa, 10 za mwisho yanajikokota kwa 20. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili utapata 40, yaani dakika 30. Kumbe 10 za kwanza ni dakika 10, za mwisho dakika 30. Jumla 40!

Ningepewa kibao niweke Mapinga, ningeandika "dakika 50 hadi 70". Namba moja hupendeza wakubwa, lakini abiria anayewahi kliniki anahitaji kuijua ile 70.

Juzi nilimshauri konda ampigie aliyeko Tegeta muda huo, si aliyekwisha kufika. Akanitazama.

"Kaka, aliyeko Tegeta saa hizi ananing'inia mlangoni. Hapokei simu."